Vyumba Saba Vyenye Dirisha

Jerusha alikuwa ameolewa nusu. Pete ya uchumba alivishwa, kanisa lilijua, hata wagonjwa aliowauguza pale Doha walijua. Kilichobaki ni wazee wa Herbert kwenda kwa baba yake Jerusha huko Nyeri kupeleka posa, na hilo Herbert alikuwa ameliahirisha mara mbili. Ati kwanza aupate ukoo wake. Ukoo gani? Wa Uskoti, jamani! Mtu kazaliwa Nyeri, kanyonyeshwa Nyeri, meno yamemwota akitafuna mahindi ya Nyeri, lakini kwa kuwa anaitwa Lockhart basi ni Mskoti.

Kila jioni alipotoka kwenye ile ofisi alikokuwa akirekebisha kompyuta, alijifungia na laptopu yake akipekua tovuti za kumbukumbu za Uskoti: sensa za zamani, vyeti vya kuzaliwa, rejista za ndoa. Alikuwa amempata Lockhart mmoja, mmishonari aliyewahi kuishi kwao Nyeri. Akamfuata nyuma mpaka sensa ya 1891, akamkuta ni mtoto wa miaka tisa, ana dada wanne na mtumishi wa jikoni. Na kwa kuwa makarani wa sensa wa Uskoti waliandika hata idadi ya vyumba vyenye dirisha, Herbert alikaribia kulia.

"Vyumba saba, Jerusha! Vyote vina dirisha!"

Aliyasema hayo akiwa ameketi kitandani, katika kijichumba chake cha mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kilichokatwa kwa mbao kutoka sebule ya watu, ambacho hakikuwa na dirisha wala tundu la kupitisha inzi. Jerusha alimtazama akaona aibu kwamba anampenda.

Maringo nayo! Ijumaa, siku ya mapumziko huko, baada ya ibada Wakenya wakila pamoja, yeye angesukuma sahani na kusema, "Sisi Waskoti hatuli pilipili." Ebo! Sisi na nani? Alipobadilisha pasipoti, jina lake la katikati, Gathogo, alilitupa kama ganda la ndizi. Ati lilikuwa linawasumbua mabosi wa ofisini.

Mwezi wa tisa baba yake Jerusha alipiga simu. "Mwanangu, mbuzi wa wageni nimemfuga akanona. Desemba nimchinje, au nimwache aendelee kula nyasi?"

Jerusha alimpelekea Herbert swali hilo jioni ileile.

"Mwambie asubiri," Herbert alisema bila kuinua macho. "Nimebakiza kuthibitisha kwamba Lockhart ndiye aliyemzaa babu."

"Si tumuulize shangazi yako, Tata Millicent? Babu yako si ndiye baba yake mzazi?"

"Yule muuza maziwa? Anajua nini yule?"

 Jerusha alimpigia Tata Millicent, dada ya marehemu baba yake Herbert, akaweka simu kwenye spika.

"Baba, hujambo?" Tata alimsalimu Herbert kwa furaha. Alikuwa akimwita baba tangu alipokuwa mchanga, na Herbert alikuwa akichukia tangu alipopata akili. Aliona ni ushamba tu.

"Tata," Jerusha akasema, "huyu mzungu Lockhart alikuwa nani kwa baba yako?"

"Alimbatiza. Siku hiyo kila mtu alichagua jina jipya. Wengine wakachukua Yohana, wengine Petero, baba yangu akachukua la mzungu mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine kijijini aliyekuwa nalo."

Herbert alikohoa. "Labda bibi yako na huyo mzungu, kabla ya hapo…"

"Herbert! Unamtukana nyanya yangu kaburini? Mzungu huyo alifika kwetu baba yangu akiwa ameshaota ndevu!" Tata alipumua kwa nguvu. "Na wewe unamtafuta babu yako kwa wazungu kwa nini? Wewe ndiwe kifungua mimba wa kiume kwa baba yako. Kwetu kijana huyo humrudisha babu yake, anapewa jina lake. Unadhani nakuita baba kwa mzaha? Gathogo ni baba yangu, na baba yangu ni wewe."

Jerusha machozi yalimlengalenga. Kumbe mtu alikuwa amevuka bahari kwa kompyuta kumtafuta babu, na babu anaitwa kila siku kwenye simu!

"Desemba nitaongozana na wazee," Tata aliendelea kwa upole. "Tutasema tumeleta posa ya Gathogo. Sawa, baba?"

"Semeni ya Lockhart," Herbert alijibu. "Hilo Gathogo nililiondoa."



"Ulimwondoa baba yangu?" Tata Millicent aliuliza, kwa sauti ndogo kabisa. Halafu simu ikakatika.

Herbert aliguna, akaivuta laptopu. "Mama mshamba. Lazima kuna Lockhart mwingine aliyemtangulia huyu. Hebu nijaribu sensa ya 1881."

Jerusha alivua pete akaiweka juu ya kibodi, katikati ya vidole vya Herbert. Alitoka nje, akasimama mbele ya duka la chini, akampigia baba yake.

"Baba," alisema, "mwache mbuzi aendelee kula nyasi."