Kijani Hakitoki

Mwalimu wa kemia, aliyebandikwa na wanafunzi jina la Bi Asidi kwa ukali wa ulimi wake, alikuwa amesimama juu ya meza ya maabara, mbele ya darasa lake, akimalizia kuchora jedwali la elementi ukutani. Metali alizipaka bluu, simetali manjano. Katikati, kuanzia boroni na kushuka kama ngazi, akapitisha kijani: nusumetali.

Mkuu wa shule akaingia na fundi rangi, ambaye kumbe ni shemeji yake Bi Asidi, mdogo wa mumewe.

"Kijani hicho kitoke," mkuu akasema. "Kesho tuna wageni wa bodi. Kitu ama ni metali ama si metali. Usiwachanganye watoto."

"Hakitoki. Umetali, yaani ile hali ya kuwa metali, haukatiki ghafla, mkuu. Unapungua kidogo kidogo ukielekea kulia."

Darasa zima likaweka kalamu chini.

Bi Asidi akashuka, akatoa kipande cha silikoni kinachong'aa kama chuma kipya, akampa mkuu nyundo. "Gonga. Metali ingebonyea tu."

Mkuu akagonga kwa hasira. Kikapasuka kama kioo.

"Si metali, basi! Yamekwisha."

"Bado." Akaunga kipande kimoja na betri na mita ya umeme. Sindano ya mita ikajongea kwa uvivu. Alipokipasha moto, ikapanda. Kisha akaunga waya wa chuma, akaupasha moto pia, sindano ikashuka. "Metali ikipata moto hupitisha umeme kwa shida. Silikoni ndiyo kwanza inachangamka. Uiweke upande gani?"

Mkuu alielewa, uso ulimsaliti. Lakini kukiri mbele ya wanafunzi kulimshinda. "Hapa mkuu ni mimi! Fundi, paka!"

Shemeji akaangalia brashi, akamwangalia Bi Asidi. "Mkuu, mimi nakula kwa huyu. Nikipaka hapo, leo nalala njaa."

Kicheko kikalipuka. Fundi akabeba kopo lake, akaenda zake.

"Nakuandikia barua ya onyo!" mkuu akafoka.

Cheo cha ukuu wa idara, alichokisubiri kwa hamu, Bi Asidi alijua kimeota mbawa. Hata hivyo akapanda tena mezani.

"Andika, mkuu. Ila silikoni usiiite metali."

Barua ilikuja baadaye, cheo hakikuja. Lakini kesho yake, siku ya wageni, mmoja wa bodi akauliza kijani kile ni nini. Mkuu hajafungua mdomo, darasa zima likajibu kwa kelele:

"Nusumetali!"