Mwavuli wa Kapteni Kuo

Pi-yun ndiye aliyepanga zamu za marubani katika shirika lao la ndege pale Taoyuan, na mumewe, Kapteni Kuo, alikuwa mmoja wa marubani hao. Balaa lilianzia hapo. Ukimpa mumeo siku moja nzuri, ofisi nzima imepata la kutafuna mwezi mzima. Kwa hiyo Pi-yun alijiwekea sheria yake, kali kuliko ya serikali: wengine kwanza, mume mwisho. Mwaka mpya, Kuo angani. Sikukuu ya mwezi mpevu, Kuo angani. Watu walimsifu mama huyo kwa kutenda haki. Mumewe hakuna aliyemuuliza.

Safari hii palikuwa na jambo zito. Baba yake Pi-yun alikuwa amelala kaburini miaka minane, na sasa, kwa mila yao, mifupa yake ilipaswa kutolewa, isafishwe na kuwekwa kwenye mtungi. Mtazama nyakati alikwisha chagua asubuhi yenyewe, na ikipita hiyo, ni mpaka mwakani. Mifupa haipigwi na jua. Mwanamume wa familia huikinga kwa mwavuli mweusi. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na mabinti wawili na mkwe mmoja, ambaye mzee katika uhai wake alimwita kwa dharau "mkwe wa mawinguni." Mkwe mwenyewe hakufika hata mazishini, na ukoo haukumsamehe.

Siku ya mazishi Kuo alikuwa amepangiwa safari ya Bangkok. Rubani mwenzake alikubali kumshikia zamu, lakini Pi-yun, kwa kuogopa midomo ya watu, akakataa kubadilisha. Kuo hakumwambia mtu. Kila mwaka shemeji yake, dada ya Pi-yun, alipomsimanga wakati wa chakula, Kuo aliomba radhi na kuendelea kula.

Sasa Kuo aliomba mapema ruhusa ya siku ya kutoa mifupa, kwa utaratibu, kama rubani yeyote. Waombaji walikuwa watatu, nafasi mbili. Pi-yun akamnyima.

"Ndiyo umenikatalia," Kuo alisema jioni, akizungusha tambi kwenye bakuli.

"Watatu kwa nafasi mbili. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi? Ningemwogopa mke wangu."

Siku chache baadaye likaja ombi jingine mezani kwa Pi-yun. Kuo alitaka kubadilishana na Kapteni Tseng: Tseng aende safari ya Kuo ya asubuhi ile, na Kuo achukue ya Tseng ya usiku wa kuamkia siku hiyo, kwenda Saigon na kurudi alfajiri. Marubani wote huikimbia safari hiyo. Ukiimaliza, sheria inakulaza: kampuni hairuhusiwi hata kukupigia simu mpaka umalize mapumziko yako.

Moyo ulimchoma Pi-yun. Kumbe hataki kabisa kuja. Amejitafutia usingizi wa halali ili asimwone mzee aliyemdharau. Akalipitisha ombi, kwa kuwa halikuvunja kanuni yoyote, na nyumbani akanuna bila kuuliza neno.

"Si nilikwambia?" dada yake, Pi-hsia, alifoka kwenye simu. "Baba anaamshwa, yeye analala! Basi mwavuli tutamlipa mgeni ashike. Aibu hiyo tutaimeza."

Asubuhi ilipofika, kule vilimani Miaoli, fundi wa kusafisha mifupa alikuwa amekwisha fungua kaburi, na jua lilikuwa linapanda. Teksi ikasimama chini ya kilima. Akashuka Kuo, na shati lake jeupe la kazi, macho mekundu, mwavuli mweusi kwapani.

"Hee! Leo mawingu yamekudondosha, shemeji?" Pi-hsia aliuliza.

"Yamenidondosha, dada," Kuo alijibu, akaukunjua mwavuli juu ya kaburi.

Pi-yun alimsogelea. "Hujalala wewe. Mapumziko ni ya kulala, Kuo. Sheria unaijua."

"Sheria inasema kampuni isinisumbue. Kampuni ni wewe. Nyamaza."

Kicheko kilimpanda Pi-yun, kikakatika alipoyatazama tena macho mekundu ya mumewe. Asubuhi ambayo yeye alimnyima, mtu huyu aliinunua kwa usingizi wake. Aliona haya, na alimpenda kuliko siku aliyoolewa.

"Afadhali leo," Pi-hsia aliendelea. "Maana siku ya mazishi tulikungoja mpaka shingo zikatuuma."

Kuo akafungua kinywa aombe radhi, kama kawaida yake.

"Usiombe," Pi-yun alisema. "Dada, siku ile ni mimi. Alitaka kuja. Mwenzake alikubali kumshikia zamu, mimi nikakataa, ili watu waniite mwenye haki. Miaka yote hii amebeba mzigo wangu."

Fundi aliacha kupiga brashi. Pi-hsia aliutazama mfupa uliokuwa mkononi mwa fundi, kisha akamtazama Kuo. Akainamia kikapu, akamimina chai ya moto, akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake.

"Kunywa, mkwe wetu," alisema kwa sauti ndogo. "Usije ukasinzia ukamwangukia Baba."

Mikono yote miwili ya Kuo ilikuwa kwenye mwavuli, na jua lilikuwa kali. Pi-yun akakipokea kikombe, akamnywesha.