Barabara Ilihudhuria Mkutano

Usiku wa jana, kabla hata sijageuza mto, niliota niko kwenye mkutano, katika ofisi ya mtaa wetu. Ajenda ilikuwa moja: upanuzi wa barabara. Mwenyekiti, Mzee Ngwandu, alikuwa mbele, amekumbatia daftari la mahudhurio kama kichanga.

Mkutano wenyewe ulifanyika kweli, jana mchana. Nilisaini jina langu, kisha nikamsainia na bibi yangu, Bi Mkejina, ili nipate soda mbili. Yeye alikuwa nyumbani anachambua mchele. Mtaani kwetu kila mtu hufanya hivyo.

Sasa ndotoni, mlango unafunguka, Barabara inaingia. Imejikunja mara nne ili ienee. Inanuka lami, na inaomba radhi kwa kuchelewa.

"Foleni," inasema.

"Karibu, ndugu Barabara," anasema Mwenyekiti. "Tusomee kanuni."

"Kila nyumba ikae mita kumi na tano kutoka katikati yangu."

Nanyoosha mkono. "Samahani mkuu, katikati yako ni wapi?"

"Inategemea nimelalaje."

Inajinyoosha kidogo. Nje, genge la Mama Nasra linatoweka. Nyanya zinabaki hewani sekunde moja, ndipo zinaanguka. Watu wanapiga makofi. Nami napiga, mikono imekataa kunisikiliza.

"Wananchi wameridhia," anasema Mwenyekiti, na kufungua daftari. "Hata Bi Mkejina kasaini."

"Hakuwepo, mzee. Nilimsainia mimi, nipate soda."

"Aliinywa?"

"Niliinywa mimi."

"Basi karidhia kwa tumbo lako," linajibu daftari lenyewe. Lina sauti ya mwalimu wangu wa hesabu, kwa hiyo sibishi.

Mara hatuko ofisini tena. Tuko jikoni kwa Bibi, mkutano mzima na viti vyake. Bibi anachambua mchele, haoni kama tupo. Barabara inapenya chini ya mlango, taratibu, kama maji ya kudekia. Ukuta wa kwanza unaondoka bila kelele. Bibi anasogeza ungo, anaendelea.

"Bibi, inuka tutoke," nasema. Sauti haitoki. Sikuomba nafasi ya kuchangia.

Nanyakua daftari, nalowesha kidole gumba kwa mate, nasugua jina lake. Kila herufi ikifutika, Barabara inasita. Nasugua. Ukuta wa pili unaondoka. Nasugua. Lami imefika kwenye ukingo wa kanga yake. Imebaki herufi moja, na mate yamenikauka.

"Muda umekwisha," anasema Mwenyekiti. "Tufunge kwa sala."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Kuta zote zilikuwepo. Nilizigusa moja moja. Bibi alikuwa mlangoni na ufagio wake.

"Wewe Hamdani, umri huo bado unanichorea kibaraza?"

Nikachungulia. Juu ya saruji palikuwa na kipande cha mstari mweupe, urefu wa kiganja, kama ule unaogawa barabara katikati. Nikagusa. Rangi mbichi.

Kutoka pale hadi kitandani kwake nilihesabu hatua sita.

"Si mimi, Bibi."

"Nani sasa, paka? Lete maji ufute."

Nilikuwa nimeshavaa kandambili.

"Nafuta, Bibi. Ila ngoja kwanza nikimbie kwa Mzee Ngwandu. Kuna herufi niliibakiza."