Kilimia na Pasi ya Mkaa

Cheche zinaruka kwenye pasi ya mkaa, nyekundu, ndogo, zimesongamana, kisha zinazimika moja moja. Dobi, mama mtu mzima, anaipepea pasi kwa kipande cha boksi, mlangoni kwake, giza likianza kuingia. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja.

Juu ya paa la jirani kimetoka Kilimia, kile kishada cha nyota. Wazee walikiita hivyo kutokana na kulima: kikionekana jioni, jembe linatafutwa lilikotupwa. Wazee hawakuwa na mchezo. Hata nyota waliipa kazi.

Asiye na mwana, wanasema, aeleke jiwe. Dobi ana wana wawili, na bado anaeleka upweke, nao ni mzito kuliko jiwe.

Mwana wa kiume anaendesha lori kwa Waarabu. Huko, alimwambia siku moja, nyota hizo ni thuraya, na thuraya ndiyo pia ile taa kubwa ya kuning'inia ukumbini. "Kumbe! Wenzetu wamewekewa taa, sisi tunatumwa shamba!" Dobi akacheka mpaka machozi. Akacheka peke yake. Simu ilikuwa imeshakatika.

Leo anapiga binti, aliyeolewa mbali, na mjukuu yuko ubavuni pake. Mjukuu hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Bibi yake anataka kitu kimoja tu: amwachie neno moja, lisije likazikwa naye.

"Mwambie aangalie juu."

Binti anatafsiri. "Mama, anasema huku zinaitwa kuku na vifaranga."

"Haya, mwambie kwetu ni Kilimia. Kinawaita watu shambani."

"Ki-li-mi-a," kinasema kisauti, polepole, kama mtoto anayevuka tope. Moyo wa dobi unajaa. Kisha mtoto anauliza jambo kwa lugha yake.

"Kasema nini?"

"Anauliza... mbona sisi hakituiti nyumbani."

"Kinaita, mwanangu. Kila mwaka kinaita."

Binti anaaga upesi.

Pasi imepoa. Nguo za watu zimeshanyooshwa, zimekunjwa, hakuna iliyobaki. Hata hivyo dobi anaongeza mkaa, anapuliza mpaka cheche zinaruka tena, na anaziita: wewe mkubwa, wewe binti yangu, wewe kadogo. Zinang'aa, zinapanda, zinapotea.

"Ki-li-mi-a," anasema, polepole, kama alivyosema mtoto.