Mfuko wa Kamba

Mbwa wa banda la nyuma walikuwa wameacha kubweka. Wale wa mbele, karibu na lango wanakopita wageni, bado walibweka wakisikia mwiko ukigonga pipa, lakini wa nyuma walilala ubavu kwenye saruji na kumfuata Mpishi kwa macho tu. Akasukuma sufuria chini ya wavu. Uji wa pumba, maji mengi, na mifupa iliyochemshwa na kurudiwa mpaka ikawa myepesi kama kuni zilizooza. Jike mmoja mwenye madoa alinyoosha ulimi, akalamba ukingo wa sufuria, akarudisha kichwa chini.

"Kula basi, wifi," Mpishi alimwambia.

Wifi lilikuwa jina alilopewa na mdogo wake Mpishi, aliyekuwa mkamata mbwa wa kituo hiki cha mbwa wasio na wenyewe. Alimfukuza jike yule soko zima, akamkosa, na alipokaa chini kupumzika mbwa akaja mwenyewe, akalala miguuni pake. "Dada, huyu kanikataa mbele za watu kisha kanifuata pembeni," alisema alipomleta. "Mpokee wifi yako." Kituo kizima kilicheka. Huyo mdogo wake kila mtu alimwita Kamba, kwa ile kamba yake ya kukamatia aliyokuwa akiivaa begani hata siku za mapumziko.

Huko stoo, lori lilikuwa limeingia kinyumenyume. Wapakiaji wawili walibeba magunia ya chakula cha mbwa, yale yenye picha ya mbwa mnene anayecheka. Magunia hayo yalishushwa wiki hiyo hiyo mbele ya kamera, watu wa chama cha wafadhili wakiyapigapiga kwa viganja kama wanaosifia ng'ombe mnadani. Sasa yalikuwa yanaelekea dukani kwa shemeji yake Mkuu wa kituo, ambako watu wenye mbwa wa kulindia nyumba zao waliyanunua.

Mkuu mwenyewe alikuja akikwepa madimbwi, suruali ameikunja kidogo.

"Mpishi. Kesho tuna wafadhili. Mwenyekiti wao anakuja mwenyewe. Nataka mbele paoshwe, mablanketi mapya yatandikwe, kila banda liwe na maji safi. Na hawa wa nyuma..."

"Hawa wa nyuma wafanyweje, Mkuu?"

"Hawapo."

"Hawapo?"

"Hili banda ni la vifaa vya bustani. Utalifunga, utaweka mapipa mlangoni. Tumeelewana?" Akaanza kuondoka, akageuka. "Na uchangamke. Umenuna kama mtu aliyefi..." Akajikohoza. "Samahani. Lakini maisha yanaendelea, dada yangu."

"Yanaendelea, Mkuu," alisema Mpishi, akachukua ufagio.

Baada ya mazishi ya Kamba, majirani walimwuliza aliwezaje kurudi mahali pale. Aliwajibu kwamba mtoto anataka kula. Kweli alikuwa na binti shuleni, na kweli alitaka kula. Lakini angeweza kufua nguo za watu, angeweza kupika kwa mama mmoja wa mtaa wa pili aliyemwita kila siku. Alirudi kwa sababu mtu aliyekuulia ndugu huwezi kumfikia ukiwa mbali naye. Alitaka awe anampikia chai. Alitaka ajue anapoketi, anapocheka, anapoogopa.

Jeraha la Kamba lilikuwa dogo, kwenye kifundo cha mkono. Mbwa aliyemng'ata alikamatwa uwanjani akitokwa na mate. Kamba aliosha mkono kwa sabuni, kama walivyofundishwa, akaenda kwenye jokofu la chanjo za kichaa cha mbwa. Jokofu hilo lililetwa na chama cha wafadhili. Mlangoni limebandikwa maandishi makubwa: KWA USALAMA WA WAFANYAKAZI WETU. Ndani alikuta kreti la soda, samaki wa Mkuu ndani ya mfuko wa plastiki, na chupa ya maji ya kunywa.

Alikwenda hospitali. Nesi alimwuliza anafanya kazi wapi, akamjibu. "Nyie wa kituo mna za kwenu," nesi alisema. "Hizi zetu chache ni za wananchi wasio na pa kwenda. Rudi kwa mkuu wako." Alirudi. Mkuu alimwambia kesho. Kesho yake alimwambia zipo njiani. Zilizokuwepo zilikwishauzwa kwa zahanati moja ya kulipia; Kamba aliambiwa na dereva wa kituo, na hata hivyo hakugombana. Kidonda kilipona vizuri, likabaki kovu jekundu, naye akaanza kulifanyia mzaha, akisema mbwa yule alimwekea muhuri.

Kisha asubuhi moja alishika kikombe cha chai akashindwa kukileta mdomoni. Koo lilijifunga kwa kuyaona tu yale majimaji. Siku alizobaki nazo alizimaliza amefungwa kwenye kitanda cha wodi, akiomba maji na kuyapigia kelele yakiletwa, na katikati ya kelele alikuwa akimtambua dada yake na kumwambia kwa adabu asogee, asije akamng'ata. Mpishi ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa. Ndiye pia aliyemwombea kazi kituoni.

Mkuu alihutubia kaburini. Alisema serikali imempoteza kijana mchapakazi, na kwamba kituo kilifanya kila kilichowezekana.

Sasa Mpishi alikuwa na mpango, na katika mpango ule alimhitaji mtu mmoja. Daktari wa mifugo wa kituo alikuwa mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri na mazoea ya kusema "tutaona". Alimkuta kwenye chumba chake akipanga mabomba matupu ya sindano ili wageni wayakute mezani.

"Daktari, kesho nitalifungua banda la nyuma."

Daktari aliacha kupanga.

"Nitawatoa wote mbele ya yule Mwenyekiti. Mimi nikisema, atasema huyu ni mpika uji. Wewe ukisema, watasikia. Sema tu hawa wamekaa hapa muda gani. Sema mbwa wanadungwa maji yaliyotiwa rangi badala ya dawa. Sema na ya Kamba."

"Unajua atanifanya nini?"

"Najua alichomfanya Kamba."

Daktari aliinamia meza. Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu. "Alikuwa ananiletea mbwa kama anamletea mama yake," alisema. "Sawa. Ukifungua, nitasema."

"Unaniapia?"

"Nimekwambia nitasema, dada."

Siku ya wageni jua lilitoka mapema. Meza ndefu ilitandikwa kitambaa cheupe chini ya hema, karibu na uzio wa maua. Nyama ya kuchoma ilipangwa kwenye masinia, kuku, mikate, matunda yaliyokatwa kama nyota. Mbwa wa mbele walikuwa wameogeshwa kwa shampuu na kuvishwa utepe shingoni. Mwenyekiti wa wafadhili, mama mtu mzima mwenye sauti laini, alipita banda moja baada ya jingine akiwaita mbwa "watoto wangu", na mpiga picha akimtangulia kwa kurudi nyuma nyuma. Mkuu alionyesha jokofu. Lilikuwa tupu na linang'aa. "Chanjo zote zimetumika," alisema. "Hiyo ndiyo furaha na ndiyo changamoto."

Mpishi alisubiri mpaka wakaketi. Alisubiri mpaka Mkuu akasimama na glasi mkononi, akaanza kushukuru. Ndipo alipoondoa mapipa na kufungua banda la nyuma.

Alidhani itabidi awavute. Lakini harufu ya nyama ilikuwa imeshawafikia. Waliinuka, wengine wakaanguka, wakainuka tena, wakatoka. Walikuja kwenye majani mabichi wakiwa mbavu tupu, ngozi zina vidonda na manyoya yamenyonyoka kwa mabaka, kimya kabisa, na ukimya wao ndio uliowafanya wageni wachelewe kugeuka. Wa kwanza alipofika mezani alivuta kitambaa. Masinia yakashuka. Wanawake wakakimbilia nyuma ya viti. Mbwa mmoja alimeza kipande cha kuku na mfupa wake akakohoa. Wawili walipigania mkate wakishindwa hata kunguruma.

Wifi hakufika. Miguu ilimwishia nguvu njiani. Mpishi akambeba, akaja naye mpaka mbele ya Mwenyekiti. Alikuwa mwepesi mno. Mpishi hakukusudia kulia, na alijichukia machozi yalipomtoka.

"Mama," alisema, "hawa ndio mbwa wenu. Chakula mnacholeta kinauzwa dukani. Dawa zinauzwa. Chanjo zenu zilipouzwa, mdogo wangu aling'atwa, akafa akiwa amefungwa kitandani. Muulizeni Daktari. Daktari anajua yote."

Watu wote wakamtazama Daktari. Mpishi alimtazama Mkuu tu, kwa sababu hiyo ndiyo sura aliyoisubiri miezi yote. Na aliiona. Kwa kitambo kidogo, midomo ya Mkuu ilikauka na shati likamganda kifuani kwa jasho. Ilikuwa tamu kuliko alivyofikiria. Angeweza kuitazama siku nzima.

"Daktari," Mkuu alisema taratibu. "Waeleze wageni. Hawa si ndio tuliowaokota jana kule dampo?"

Daktari alitazama viatu vyake. Mkono wake ulikuwa unachezea kifungo cha shati.

"Ndiyo," alisema. "Jana."

"Sema tena," Mpishi alimwambia. "Niangalie mimi, useme tena."

Hakumwangalia.

Mkuu alikuwa ameshaweka glasi chini. Alimwendea Mpishi, akamshika bega kama kaka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu dada yetu ni mgonjwa wa majonzi. Ni kweli alifiwa. Mdogo wake alikufa akiwahudumia wanyama hawa, kwa sababu chanjo tunazopata hazitoshi. Sikutaka kuwaharibia siku kwa kuwaonyesha hali halisi. Niliwaficha hawa mbwa. Nakiri. Lakini labda Mungu ametaka mwone."

Mwenyekiti alikuwa analia. Alimkumbatia Mpishi, Wifi akiwa katikati yao, na mpiga picha akapiga picha nyingi mno. "Pole, mwanangu," Mwenyekiti alimwambia sikioni. "Hakufa bure. Tutaongeza. Nakuahidi, tutaongeza maradufu."

"Msimpe," Mpishi alisema. "Mama, nisikilize, msimpe."

"Nakusikia, mwanangu," alisema Mwenyekiti, akimpapasa mgongo, huku akimwangalia Mkuu juu ya bega lake. "Aliitwa nani, huyo marehemu?"

"Tulimwita Kamba," Mkuu alijibu.

Mpishi hakufukuzwa pale pale. Alifukuzwa wageni walipokwishaondoka na majani yalipokwishafagiliwa. Mlinzi wa lango, aliyekuwa akimwita dada kila asubuhi, alimpokonya aproni, akamwomba radhi kwa sauti ya chini. Wifi alikufa kabla ya wiki kwisha. Dereva ndiye aliyemletea habari.

Akaenda kufua nguo za watu. Alikwenda polisi, akaandikisha maelezo, akaambiwa asubiri. Alikwenda ofisi ya gazeti, na kijana wa pale alimsikiliza vizuri kisha akamwuliza kama ana ushahidi zaidi ya huzuni.

Mchana mmoja alikuwa kwenye kituo cha mabasi na furushi la nguo kichwani. Ukutani palikuwa na bango jipya, refu kuliko mtu. Lilikuwa na mwanamke anayelia, amekumbatia mbwa mifupa mitupu. Juu yake waliandika: MFUKO WA KAMBA. ALITOA MAISHA YAKE. WEWE UTATOA NINI? Ilimchukua muda kujitambua. Walikuwa wameyang'arisha machozi.

Chini ya bango alisimama msichana mwenye fulana ya chama, na kisanduku cha michango.

"Mama yangu, hata kidogo tu," msichana alimwambia. "Kwa ajili ya huyu mama na mbwa wake."

"Huyu mama yuko wapi sasa?"

"Yupo kule kwenye kituo cha mbwa. Anawapikia mbwa. Anaendelea vizuri sana, wamemjengea na nyumba."

"Umeshamwona?"

"Bado. Lakini nasikia ana moyo wa ajabu."

Mwanamume mmoja aliyekuwa akisubiri basi alitia noti kisandukuni. Alimtazama Mpishi, viganja vilivyochubuka kwa sabuni, furushi, malapa, akaona haya kwa niaba yake. Akatia nyingine. "Hii ni ya mama huyu hapa," alisema. "Asionekane hakutoa."

"Ahsante sana, baba. Mungu akuzidishie."

Msichana alitoa beji mbili za bati. Moja alimpa yule mwanamume. Nyingine, kwa kuwa mikono ya Mpishi ilikuwa imeshika furushi, alimbandika mwenyewe kifuani, polepole, akiangalia asimchome. Beji ilikuwa na ile picha ya bangoni. Basi likaja, watu wakasukumana, yule mwanamume akapanda. Mpishi alishusha furushi chini. Akaing'oa beji, akaifunua pini yake, akaifumbata kwenye ngumi na kukaza mpaka ikamchoma, huku akitazama barabara inayokwenda kituo cha mbwa.