Beseni Kavu la Bibi Bualai

Asubuhi ya siku ya wazee, Chanthi alimpaka Bibi Bualai poda mashavuni, akamfunga vifungo vya blauzi ya hariri iliyotoka sandukuni ikinuka dawa ya nondo, akamchana nywele kwa mafuta ya nazi. Maji hakutumia. Kisha akamwinua, mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamtoa kwenye chumba cha nyuma. Bibi alikuwa mwepesi kama kapu la nguo zilizoanuliwa juani.

Mkeka ulikuwa umeshatandikwa uani chini ya paa la bati, karibu na mitungi mikubwa ya maji ya mvua. Bibi aliegemezwa kwenye nguzo, na beseni la shaba likawekwa chini ya mikono yake. Kila mwaka mwezi wa nne, joto likishapasua mashamba ya mpunga, watoto na wajukuu humwagia wazee wao maji ya maua mikononi, wakaomba radhi kwa makosa ya mwaka mzima, wakapewa baraka. Ndiyo siku pekee ambayo majirani wa kijiji cha Nong Saeng walimwona Bibi Bualai. Siku nyingine walisikia tu kwamba yupo.

Chanthi alikuwa mke wa mjukuu. Mumewe alifanya kazi kiwandani mbali, katika mji wa Rayong, naye akaachwa nyumbani amsaidie mama mkwe, Pranom, kumtunza mzee. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi ukishaizoea. Wali wa kunata uliopondwa, asubuhi na jioni. Maji, kifuniko cha chupa ya chai asubuhi na kingine jioni, na hicho kifuniko hakijazwi.

"Anayekunywa hukojoa," Pranom alimwambia siku ile ya kwanza, akimwonyesha kwa ukucha mahali pa kuishia. "Godoro ni jipya. Mimi nachoma kuku barabarani tangu alfajiri, mgongo umekufa. Utafua wewe?"

Chanthi akakipokea kifuniko. Alikuwa bibi harusi mgeni, na nyumba haikuwa yake. Mwanzoni Bibi aliomba. Baadaye akaacha kuomba, akawa anautazama tu mtungi kupitia ufa wa ubao. Pranom alisema hiyo ni dalili kwamba ameridhika.

Basi siku hiyo Pranom akatangulia, kwa kuwa ndiye binti. Alipiga magoti, akainua bakuli la fedha lenye maji ya manukato na yasmini, akamimina polepole juu ya viganja vya mama yake.

"Mama, kama nimekukosea kwa mwili, kwa maneno au kwa mawazo, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

Alikuwa anamaanisha. Maji yaligusa ngozi, yakaingia. Maua yakabaki viganjani, makavu, kama yaliyoangushwa na upepo. Beseni halikupata tone.

Mzee Khampan, jirani aliyewahi kuuza nyati na ambaye hakuna msiba aliokwenda asichekeshe watu, aliinama akaligeuza beseni juu chini.

"Limetoboka?"

"Jipya hilo," alisema Pranom.

"Basi aliyetoboka ni Bibi."

Watu wakacheka. Khampan akamimina bakuli lake, nalo likaingia lote. Akamimina la pili. Hakuna aliyeshtuka sana. Kiangazi kile hata ardhi ilikuwa ikifanya vivyo hivyo.

Kufikia mchana foleni ilikuwa imefika barabarani na mtungi mmoja ulikuwa umekauka. Mikono ya Bibi ilibaki vilevile, mikavu na ya uvuguvugu. Waliotega sikio kwenye kifundo cha mkono wake walisikia maji yakishuka, yakizidi kushuka, kama kijiwe kilichotupwa kisimani, na wakangoja kisikike kikigonga chini, kisigonge. Mwenyekiti wa kijiji alisikiliza muda mrefu, macho kayafumba. Akainuka akasema kina ni kirefu.

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na tatu, na bahati nasibu huchezeshwa tarehe kumi na sita. Kwa hiyo walimpaka Bibi poda kwenye mkono, kama wanavyopaka magome ya miti ya kale, wakaisugua kwa kidole gumba na kutafuta tarakimu za kuchezea.

"Naona saba."

"Huo mshipa."

"Mshipa wenye umbo la saba ni saba, bwana. Sogea."

Mtu akaleta soda nyekundu, kama mizimu inavyoletewa. Akaifungua, akatia mrija, akauelekeza kwa Bibi, akaiweka mbele ya mkeka. Mwingine akaleta yake. Jioni chupa zilikuwa zimepanga safu, zote wazi, zote na mirija, kwa umbali ambao mkono wa Bibi haukufika. Kilichotolewa sadaka hakiguswi. Bibi aliitazama mirija hadi walipomrudisha ndani. Sisimizi ndio waliokunywa.

Siku ya pili asubuhi alikuja Wilai, mwanamke wa palepale kijijini anayewazungukia wazee kwa niaba ya zahanati. Alimfunga Bibi kipimo cha presha, kisha akaibana ngozi ya nyuma ya kiganja na kuiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama hema. Wilai akaitazama, akautazama na ulimi.

"Huyu ana kiu," alisema.

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, na wote waliokuwa karibu wakasikia. Feni iliyoazimwa hekaluni ikageuka upande huu, ikageuka upande ule.

"Tangu lini?" aliuliza Mzee Khampan.

"Muda mrefu. Miezi."

Khampan akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyefumbuliwa jambo. "Ndiyo maana. Mtu hawezi kunywa namna hii bila kujiandaa."

Wilai alimwambia Pranom ampe mzee maji kwa mdomo, kidogo kidogo, mara kwa mara. Pranom akasema ndiyo dada, asante dada. Kisha Wilai akafunga kipimo chake mkobani, akachukua bakuli, akashika foleni.

Chanthi ndiye aliyelishika neno lile. Saa ya chakula, watu wakiwa wameyazunguka masinia, alivuta pazia lililotundikwa mbele ya mkeka, kana kwamba anambadilisha Bibi blauzi, akamletea bilauri iliyojaa. Bibi aliishika kwa mikono miwili. Alikunywa bila kupumua, na maji yalipokwisha hakuiachia bilauri.

"Nyingine," alisema.

Chanthi hakuwa ameisikia sauti yake kwa muda mrefu hivi kwamba aligeuka kuangalia nani kaingia. Akaleta nyingine. Bibi akainywa nayo, na rangi kidogo ikaja midomoni.

Pazia lilipofunguliwa, zamu ilikuwa ya mwanamke aliyetoka Roi Et kwa basi, mfuko wa yasmini mapajani. Alimimina. Maji yakafika viganjani, yakasita. Halafu tone likaanguka kwenye beseni. Na jingine. Shaba ililia kidogo, na uani kote watu wakaacha kutafuna.

"Nani amempa maji?" aliuliza mwenyekiti, kwa upole, kama anayeuliza nani kahamisha kengele ya hekalu.

"Mimi," alisema Chanthi. "Dada Wilai alisema apewe."

Wilai alikuwa anaangalia ndala zake. "Nilisema kidogo kidogo."

"Mwanangu," alisema Pranom, "watu wametoka mbali."

"Hakuna anayesema asinywe," mwenyekiti akaeleza. "Sisi si wanyama. Tunasema asubiri. Mpaka tarehe kumi na sita. Kesho kutwa tu hapo."

"Mwenyewe kazoea," alisema Pranom. "Mwulizeni."

Hakuna aliyemwuliza. Kufikia saa kumi maji yalikuwa yanaingia tena bila kusita, na masikio yaliyotegwa yakaripoti kwamba kina kimerudi.

Jikoni, akitwanga papai bichi kwa pilipili, Pranom alizungumza bila kuinua kichwa. "Ukitaka kumnywesha, mbebe ukamnyweshe kwa baba yako. Nitampigia mwanangu nimwambie mkewe amemwaga baraka ya ukoo. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Chumvi iko wapi?"

Chanthi akampa chumvi. Usiku ule alifikiria kumbeba. Uzito haukuwa tatizo. Alifikiria njia hadi kwa baba yake, na baba yake mlangoni, na vile angemwuliza huyu ni wa nani.

Tarehe kumi na sita namba zikasomwa redioni, na mwishoni ilikuwamo saba. Mzee Khampan alishinda pesa, si nyingi, ila za kutosha kununua kreti ya soda nyekundu na kichwa cha nguruwe, akavipanga vyote mbele ya mkeka na kumsujudia Bibi mara tatu. Baada ya hapo hakuna aliyesema kwamba siku ya kusubiri imefika.

"Inachezeshwa tena tarehe mosi," alisema mwenyekiti.

Chanthi alikuwa bado hajamimina maji yake. Pranom aliligundua hilo asubuhi iliyofuata, wageni wakianza kujipanga.

"Ni wewe tu hujamwomba radhi mzee. Watu wanasema."

Chanthi akajaza bakuli la fedha. Akapiga magoti. Bibi Bualai hakumtazama yeye, alilitazama bakuli, na midomo yake iliyopasuka ikasogea mbele, kama ya mtoto anayeona titi. Kutoka kwenye bakuli hadi midomoni ilikuwa shibiri moja. Hadi viganjani, vilevile. Nyuma ya Chanthi watu walikuwa wameinama wakiangalia mkono wake utaelekea wapi, na Pranom alikuwa ameshika simu.

Akamimina viganjani.

"Bibi, kama nimekukosea kwa mwili, kwa maneno au kwa mawazo," alisema. "Kwa kujua." Hapo akakwama. Yaliyobaki hakuyasema.

Maji yakaingia yote. Bibi aliinua kichwa polepole, na sauti ikatoka chini sana, ikafika imechelewa, kama ya mtu anayeitika kutoka kisimani.

"Uishi, mwanangu. Uishi miaka mingi. Uzeeke kama mimi, humu humu ndani, upate mkwe wa kukutunza kama ulivyonitunza."

"Na iwe hivyo," foleni nzima ikaitikia, viganja vimekutanishwa vifuani. Walikubaliana kwamba ni baraka ndefu kuliko zote alizotoa, na wengine wakaona wivu.

Chanthi aliingia jikoni kuponda wali. Alichota maji kwa kata, akajimwagia mikononi anawe. Sakafu haikulowa. Akachota tena, akamimina taratibu, akiangalia. Maji yalifika viganjani mwake yakapotea, na vidole vikabaki vikavu. Akaweka sikio kwenye kifundo cha mkono wake. Kina kilikuwa bado kifupi. Akajifuta mikono kwenye nguo yake, kwa mazoea.

"Chanthi!" Pranom aliita kutoka uani. "Basi la Roi Et limefika. Bibi ameshapata cha asubuhi?"

"Bado, mama."

"Basi fanya haraka. Na usijaze."

Chanthi akachukua kifuniko cha chupa ya chai, akamimina maji hadi pale kwenye alama ya ukucha, akasimama. Akakitazama. Kisha akarudisha kidogo mtungini, kwa kuwa leo wageni walikuwa wengi.