Nesi Aliyechorwa Kwenye Ramani

Nesi alikuja ng'ambo kusomea afya ya jamii akijua kwamba masomo yakiisha, anarudi kwao. Sasa yalikuwa yanaelekea ukingoni, na mwalimu wao, mama mmoja asiyepoteza maneno, alikuwa amemwambia abaki chuoni awe mkufunzi wa wauguzi wanaotoka nchi mbalimbali. Mshahara mnono, na nyumba juu. Jibu lilitakiwa leo, wakishamaliza kuwasilisha kazi zao.

Alitaka kukubali. Nani angekataa? Lakini kila alipojiandaa kusema ndiyo, ile ya usiache mbachao kwa msala upitao ilimjia, akaahirisha. Aliikumbuka zahanati yake. Alikumbuka akina mama wakisengenyana kwenye benchi la nje huku watoto wakisubiri kupimwa uzito, na mama yake mwenyewe, ambaye hakuwa mgonjwa wa chochote, akipita kila asubuhi kupimwa presha ili apate kumwona mwanawe.

Kazi waliyopewa ilikuwa hii: kila mmoja achore ramani ya huduma za afya za kwao, kama zilivyo, kisha aeleze atazuiaje kipindupindu mvua ikikata barabara. Wenzake walichora kwa rula. Yeye alichora kwa mapenzi. Aliweka kisima, shule, zahanati yenye nesi mlangoni, hata paa la bluu la nyumba ya mama yake, ambalo kipindupindu hakikulihitaji.

Zamu yake ilipofika, alisimama mbele ya ramani na maneno yakatiririka. "Mgonjwa wa kwanza anapokelewa hapa zahanati. Nesi anamtenga, anamwanzishia maji ya chumvi na sukari, anapiga simu wilayani. Wahudumu wa kijiji anawatuma kisimani kutibu maji. Jioni haifiki, kila nyumba imeshapata habari."

Darasa lilipiga makofi. "Mimi nikiharisha, nipelekeni hukohuko," alisema daktari wa meno, mcheshi wao, na watu wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Alisogea, akaweka kidole juu ya zahanati. "Mpango wako wote umemwegemea huyu nesi. Ni wa kutegemewa?"

"Sana, mwalimu."

"Na sasa hivi yupo kazini?"

Tangu Nesi aondoke kwao, hakuletwa mwingine. Mdogo wake alishamwambia kwenye simu kwamba mlango una kufuli, na wajawazito wanapandishwa pikipiki hadi mjini. Alilijua hilo vizuri kabisa. Mkono wake ulikuwa umemchora nesi pale bila kumuuliza, na nesi huyo alikuwa yeye.

"Hayupo," alisema. "Yuko hapa."

Safari hii hata daktari wa meno alitazama chini. Nesi alilia palepale mbele za watu, wala hakuona haya. Alipopata sauti alisema, "Nisamehe, mwalimu. Ile nafasi mpe mwingine. Mimi nataka kwetu."

"Nilikuombea nafasi hiyo kwa sababu unaijua kazi," alisema mwalimu, akampa kitambaa. "Basi nenda kaifanye."

Nesi alitoka nje ya darasa akampigia mama yake simu. "Mama, narudi."

"Umefeli?"

"Sijafeli."

"Wamekufukuza? Niambie tu, mwanangu, hayo ni ya dunia."

"Nitamaliza mitihani, mama, halafu narudi. Nimewakumbuka."

Akamsikia mama yake akilia, yule aliyekuwa akimwambia kila wanapoongea kwamba huku hakuna neno, we soma tu.

"Neno lilikuwepo," alisema mama. "Niliogopa nikisema njoo, utakuja."